Maazimio Yaliyochapwa Kabla ya Kikao

Siku yangu ya kwanza ofisini Nachingwea, Afisa Tarafa aliniuliza lugha ninazozijua. Nikamtajia Kiswahili, Kimwera na Kimakua cha bibi yangu.

"Basi, binti, utaandika vikao vya ujirani mwema."

Ndivyo tunavyoviita vikao vya viongozi wetu na wenzetu wa nchi jirani, ng'ambo ya mto Ruvuma, kuhusu usalama. Kazi yangu ilikuwa muhtasari: nani kasema nini, na mwishoni maazimio, yaani yale ambayo pande zote mbili zimekubali kuyatekeleza.

Nilipohamishiwa Ruangwa nilikuwa mzoefu, na uzoefu ukaniharibu. Nikawa nachapa maazimio siku moja kabla, wakubwa wasaini mapema waondoke.

Wakati huo vijiji vya ng'ambo vilikuwa vinachomwa, watu wanakimbia. Azimio langu la tatu lilisema kila mgeni asiye na hati arudishwe. Nje ya ukumbi alikaa Bi Atija wa Mandawa. Kaka yake, aliyekimbia kutoka ng'ambo, alikuwa mahabusu kwa kukosa hati. Hati za huyo kaka ziliungua pamoja na nyumba yake.

Kiongozi wa ujumbe wa ng'ambo, mama wa makamo, aliisoma karatasi yangu, kisha akaniuliza kwa Kimakua, "Mwandishi, kikao kimekwisha lini? Mbona sisi ndiyo kwanza tunakaa?"

Nikatafsiri. Wajumbe wakacheka. Mimi niliona aibu, nikaichana ile karatasi.

"Mheshimiwa," nikamwambia Mwenyekiti wetu, "nje yuko ndugu wa mtu tunayetaka kumrudisha."

"Si mjumbe huyo."

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini tunaamua habari zake."

Akatazama mlangoni. "Haya, mwite."

Bi Atija alitaja kijiji cha kaka yake na mkuu wa kijiji hicho. Yule mama mgeni alimfahamu mkuu huyo, akampigia simu kambini walikokimbilia wanakijiji. Alipomtajia jina la mahabusu, sauti ya mzee ikasikika ukumbi mzima: "Huyo? Namjua tangu hajaota meno."

Tukaandika upya: aliyepoteza hati athibitishwe na kiongozi wa kijiji chake kabla ya uamuzi wowote. Tukaongeza kwamba kila kikao kiwasikilize wananchi kwanza. Kaka yake Bi Atija aliachiwa.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza, msiogope; kuandika polepole ni kazi kamili. Mkubwa mmoja alizoea kuniambia, "Mama, wananchi wako wanatuchelewesha."

"Kweli, mheshimiwa," nilimjibu kila mara, kisha nikamwita mwananchi anayefuata.