Katre si Kata

Sogea karibu unisikilize, wewe uliyeniuliza wanafunzi wa chuo kidogo kama chetu, hapa Bukavu, wanachezea wapi. Jibu ni fupi: wanachezea uwanja mmoja. Lakini uwanja huo unahitaji maelezo kidogo.

Ni sakafu ya saruji iliyochongwa kwenye ubavu wa kilima, nyuma ya madarasa. Mistari ya njano ni ya basketi, myekundu ni ya voleboli, myeupe ni ya mpira wa miguu wa watu watano. Mgeni huona fujo tu. Baada ya wiki mbili macho huchagua rangi yake na kusahau nyingine. Wavu wetu wa voleboli ulipochanika, mzee mtunza uwanja, tuliyemwita papa, yaani baba, aliuziba kwa uzi wa wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, fundo kwa fundo, akiwa na miwani yake ya kusomea. Mpaka leo sijaona kazi safi kuliko ile hapo chuoni, na nimesoma tasnifu nyingi.

Upande wa chini hakuna ukuta. Mpira ukitoka upande huo, unateremka kuelekea mtaa wa Nguba, kando ya ziwa, kana kwamba ziwa limeuita. Ndiyo maana tulikuwa na sheria moja: aliyegusa mwisho ndiye anayeshuka kuufuata. Hata mwalimu akicheza nasi, alishuka.

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa kapteni wa wasichana wa voleboli, na kazi yangu uwanjani ilikuwa ya kupanga: mpira wa pili ni wangu, namwinulia mpigaji. Saa yetu ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Mmoja wetu alipomaliza masomo tukabaki watano, na wavulana wa mpira wa miguu wakaanza kuitamani saa ile.

"Tuko tano, papa, lakini tano ya nguvu," nilimbembeleza mtunza uwanja.

"Voleboli ni batu sita," alisema. "Mufike sita Merkredi tatu zenye kufuatana, saa itabakia yenu. Mukikosa hata moja, naipatia bale ba mupira ya miguu. Siwezi acha kiwanja ilale."

Jumatano tatu mfululizo, basi. Hakukosea. Uwanja mmoja hauwezi kulala.

Wa sita nilimpata kwenye foleni ya maktaba: msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Mwenga, mrefu, mpole, mwenye mikono ya mtu aliyezoea jembe. Jumatano ya kwanza tulifanya mazoezi ya kupokea tu, akapokea vizuri. Jumatano ya pili tulicheza na wasichana wa chuo kingine cha mjini, nikamweka katikati, mbele, karibu nami.

Sasa nikueleze jambo moja. Sisi hapa tunahesabu kwa Kifaransa. Nafasi ya mbele kushoto ni ya nne, kwa hiyo kabla ya kumwinulia mpigaji wa huko napiga kelele: "Katre!" Kwa haraka mwisho wa neno humezwa. Nilipiga kelele, na yule wa Mwenga akaruka mbele yangu, akaupiga mpira kwa nguvu zake zote kabla haujanifikia. Ukapita juu ya wavu, juu ya wapinzani, ukashika njia ya Nguba. Akashuka kuufuata.

Mara ya pili vilevile. Mara ya nne alipopanda akihema, mwenzetu mmoja akamwambia mbele ya watu wote, "Weye, unacheza voleboli ao unacheza mulima?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nakiri. Yeye alifuta mpira kwa kitambaa chake, akanikabidhi, akamaliza mchezo bila kuruka tena.

Jumatano ya tatu, saa nane na nusu, hakuwepo. Nilipanda pikipiki hadi Nyawera, kwa shangazi yake aliyekuwa akiishi naye, nyuma ya soko. Nikamkuta msichana mwenyewe anachambua maharage.

"Yaya, niache," alisema, akiniita dada mkubwa. "Munasema kata, nakata. Nikikata, munanicheka."

"Nani alikuambia ukate?"

"Si ni weye! Kila mara: kata, kata! Kwetu ku masomo, mwalimu akisema kata, unapiga mupira palepale."

Nilikaa juu ya gunia. Msichana huyu alikuwa mtiifu kuliko sisi sote. Alishuka mlima mara nne kwa kunitii mimi.

"Nilikuwa nasema katre," nikamwambia. "Quatre. Namba ine."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka maharage yakamwagika, na shangazi yake akatoka kuuliza nani amekufa.

"Nisamehe," nikasema. "Kosa ni yangu. Na leo tukikosa moja, saa inaenda."

Alifunga kitambaa, akaingia ndani kutafuta viatu.

Tulifika saa tisa imepita. Wavulana walikuwa wamesimama kwenye mstari wao mweupe, mpira kwapani. "Papa, saa imepita! Bako tano!" Papa alihesabu vichwa vyetu polepole kwa kidole, akafika sita, akatazama saa yake ya mkononi.

"Yangu haiyafika saa tisa," alisema. "Mutoke."

Wakatoka wakinung'unika, na wawili kati yao wakabaki kutushangilia. Saa ile ni ya wasichana hadi leo. Mimi sasa nafundisha hapo hapo, na kila Jumatano nasikia kutoka dirishani: "Ine!" kwa mpigaji wa kushoto, na "Kata!" kwa anayesimama katikati. Neno hilo tulimpa yeye, na waliomfuata wakalirithi. Wa katikati akisikia "kata", ana haki ya kuruka mbele ya yeyote.

Kwa hiyo, ukipata mchezaji mgeni, usianze na mpira. Tembea naye uwanjani, simama kwenye kila nafasi, taja neno lake taratibu, kisha mwambie akueleze alichosikia.