Atupele na Choo cha Ngazi Tano

Kabla ya mambo haya nilikuwa mtu wa heshima. Nilisoma chuo kikuu, naandika makala, na harusi zikifanyika hapa kijijini Mwaya mimi ndiye huitwa kuandika risala. Leo nasimulia habari za haja kubwa, na sioni haya, kwa sababu najua kuna mzazi mahali fulani amesimama nje ya choo akibembeleza, akidhani yamemkuta yeye tu. Aliyeugua ni binti yangu Atupele, wakati huo ana miaka minne.

Kwetu maji ya ardhini yako karibu. Ukichimba shimo hufiki mbali kabla ya kukutana nayo, na masika ndiyo usiseme. Kwa hiyo vyoo vyetu vimeinuliwa kama jukwaa, nawe unapanda ngazi kwenda kujisaidia huku majirani wakikuona. Atupele alikuwa akipanda bila wasiwasi. Masika moja akala mapera na mbegu zake siku mbili mfululizo, akapata choo kigumu. Alilia, ikatoka damu kidogo, na katikati ya kusukuma, chura akalia kule chini shimoni. Alishuka ngazi zote tano kwa mruko mmoja, chupi mkononi.

Mama yake angembembeleza tu, na pengine yangekwisha. Lakini mimi niliamini kwamba mtoto akieleweshwa haogopi. Nikachora mchangani kwa kijiti: hili shimo, haya maji, masika maji hupanda, ndiyo maana chura yumo, ndiyo maana tumejenga juu.

"Yanapanda mpaka wapi?" akauliza.

"Inategemea," nikamjibu.

Tangu siku hiyo hakupanda tena. Haja ikimjia alisimama kwa ncha za vidole, akashika mguu wa meza, akakaza makalio, jasho likimtoka. Tulidhani anasukuma, kumbe anabana. Siku ya tano tumbo lilikuwa gumu, akakataa hata wali. Siku ya nane uji mwembamba ukaanza kumtoka kwenye chupi bila yeye kujua. Nikashangilia: "Amefunguka!" Ulipoendelea nikatangaza kwamba ni kuhara, nikamwanzishia maji ya chumvi na sukari, nikamkataza mapapai. Nilikuwa natibu kinyume cha ugonjwa wake, tena kwa kujiamini sana.

Habari zilienea. Mzee Salumu mwenye duka hakuwa akinisalimu tena, alikuwa akiuliza: "Baba Atu, mzigo umeshuka?" Bibi yake Atupele, yaani mama yangu, akashauri tumwingizie maji ya sabuni kwa nyuma.

"Mama, nisamehe, hapana," mke wangu akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe acha kuchora mchanga. Kesho hospitali."

Daktari alikuwa mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya kati. Akamlaza Atupele, akabonyeza tumbo taratibu.

"Mzazi, njoo uguse hapa."

Nikagusa. Chini ya kitovu kulikuwa na kitu kama muhogo.

"Huku si kuhara. Choo kimejikusanya, na huo uji unapenya pembeni yake. Ulimpa nini?"

Nikamweleza.

"Unafanya kazi gani?"

"Naandika."

"Aa," akasema, akamgeukia mtoto. "Mama, ukipanda kule chooni unaogopa nini?"

Atupele alinitazama, akaona nimenyamaza. Ndipo akamnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka dirishani: "Kikijaa kitatoka nje. Sisi tutakimbia. Bibi magoti yanamuuma."

Mke wangu aligeukia ukutani. Siku kumi na moja mwanangu alikuwa amebeba kila kitu tumboni ili bibi yake asizame, na aliyemwambia kwamba maji yanapanda ni mimi.

Tukapewa dawa ya maji ya kulainisha choo. "Kila siku, na msiache akipata nafuu," daktari akasema. "Utumbo umetanuka, unataka miezi kurudi. Akimaliza kula akae kwenye poti, miguu ikanyage chini. Asikaripiwe. Na wewe baba, usimshangilie kama mpira."

Siku mbili za kwanza za dawa sitazieleza. Nguo nilifua mimi.

Lakini poti humwagwa chooni, na Atupele alilijua hilo. Aliyetuokoa ni mama yangu. Masika yalikuwa yamekwisha, maji yameshuka. Akachukua mwanzi mrefu, akapanda ngazi moja moja huku akiguna, akautumbukiza shimoni, akauvuta.

"Mke mwenzangu, tazama. Uchafu umeishia hapa. Kuanzia hapa kwenda juu ni pakavu, na pote ni pako."

Atupele akapima ile sehemu kavu kwa viganja. "Ni parefu," akakiri.

"Basi jaza."

Ikawa kila Jumamosi tunapima. Kuosha mwanzi nikapewa mimi.

Wiki ya tatu, baada ya uji wa asubuhi, alikaa kwenye poti nyuma ya jiko. Bibi alikuwa pembeni akimenya ndizi bila kumtazama. Tukasikia. Hakuna aliyeshangilia. Atupele akasimama, akachungulia, akaniita.

"Baba, kamwage. Polepole."

Nilipanda na poti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Yeye alisimama chini amemshika Bibi mkono, tayari kumvuta. Nikamwaga. Tukasubiri. Hata Mzee Salumu, aliyekuwa akipita, akasimama bila kujua anasubiri nini.

"Hakijatoka nje," Atupele akasema.

"Ndaga," Bibi akashukuru, akarudi kwenye ndizi zake.

Hatukupona siku ile. Tulirudi nyuma mara mbili, mara moja kwa sababu nilipunguza dawa kwa akili zangu. Namshukuru daktari yule, mke wangu na mama yangu, chura simshukuru. Wenzangu, mtoto akibana, tumbo likiwa gumu, au uji ukimtoka bila kujua, mpelekeni hospitali mapema, msitibu kwa kubahatisha. Na kabla hujamweleza lolote, mwulize kwanza, kisha unyamaze.

Jana Atupele alipanda ngazi peke yake, akafunga mlango. Nikasogea nikamwuliza kama anahitaji chochote.

"Baba," akasema kutoka ndani, "nenda ukaandike."