Neno Nililolituma Bwera kwa Simu

Niliondoka Mwanza Jumatatu alfajiri kwa sababu ya neno nililolisema mwenyewe. Kambale, niliyepakia naye kahawa kwenye malori ya mpakani Mpondwe tukiwa vijana, alinipigia kutoka kwake Bwera, Uganda, kwamba ana homa, kifua kinambana, chakula hakipiti. Sote wawili tuna kisukari na tunajidunga insulini. Nikamjibu kama mtaalamu: huli, sukari itoke wapi? Ruka sindano mpaka upone.

Siku ya tatu simu ilipokelewa na mkewe, Kavira. Kambale anatapika, alisema, anakunywa maji kiu haikatiki, anahema kama aliyepanda mlima, wanamkimbiza hospitali. Simu ikakatika.

Mpakani Mutukula, kwenye foleni ya mhuri wa pasipoti, nilipiga tena. Haikupatikana.

Jumanne, tulipovuka daraja la Katunguru, niliiona nyika niliyoiota miaka mingi, na milima ya Rwenzori imejifunika mawingu. Sikuitazama. Nilikuwa nawaza zile siku tatu bila sindano.

Bwera, jioni. Boda boda ilinishusha hospitalini. Kambale alikuwa hai, ametundikiwa dripu, midomo imekauka. Kavira alinishukuru sana kwa kuja.

"Shemeji, kuna mutu alimudanganya aache sindano," alisema. "Nikimujua, ataniona."

Alipotoka kuchota maji, Kambale alifumbua jicho moja. "Daktari wa simu amefika," alinong'ona. "Nyamaza, huyu atakuua."

Nilimuuliza muuguzi, kana kwamba sihusiki, kwa nini mgonjwa asiyekula adungwe insulini.

"Mwili ikipigana na ugonjwa, inatoa sukari yake yenyewe, hata tumbo ikiwa tupu," alisema. "Na insulini inapungua nguvu. Huyu pengine alihitaji kuongezewa, si kuacha."

Ilikuwa nimonia, na kwa kukosa sindano damu yake ilishaanza kujaa asidi. Mpaka Alhamisi hakuna aliyetuahidi kitu.

Alipopata nafuu tulihamia nyumbani kwao. Kavira alinipikia sombe, kisamvu cha kwao, kila siku, nami nikala bila kumwambia. Nilikuwa nimefikiria kupanga chumba Bwera, nianze tena pale tulipoachia ujanani. Wazo hilo lilikufa lenyewe.

Siku niliyoondoka kurudi Mwanza, Kambale alikuwa kibarazani akijipima sukari. Kavira alinisindikiza hadi kwenye boda boda. Hapo nikamwambia ni mimi.

Alifunga upya kitenge chake, bila haraka. "Nilijua tangu siku ile. Simu yake iko na sauti kubwa, hata jirani anasikia. Nilikuacha ukae, uone na macho yako." Kisha akanipa mkono. "Wende salama, shemeji. Siku ingine ukipiga, salimia tu."

Mjini Kasese, nikisubiri basi, koo liliniwasha na mwili ukachemka. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nilijipima: sukari ilikuwa juu kuliko siku ninazoshiba. Nikampigia yule muuguzi wa Bwera, aliyekuwa ametuachia namba yake, nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikajidunga palepale kwenye benchi.