Kiti Kirefu cha Pijo

Nani aliyemwambia Sufyan kwamba Pijo ya Baba ina haja ya mahali pa kuwekea vikombe? Baba hunywa kahawa barazani, kikombe kidogo, chungu, akimaliza humrudishia muuza kahawa kikombe chake, yamekwisha. Hajapata kunywa hata maji ndani ya gari lile. Lakini ndugu yangu Sufyan, mwenye ofisi ya kutoa mizigo Kilindini na nyumba Kizingo, ameona video kwenye simu, basi! Gari kuukuu litiwe injini mpya, kiyoyozi, skrini, na viti vya ngozi rangi ya maziwa. Injini sina neno nayo. Viti ndivyo vilivyonitia wazimu.

Baba yetu, Mzee Jaffar, si mtu mkubwa. Alikuwa dereva wa teksi. Alianza kwa kubeba mabaharia langoni mwa bandari, akabeba makarani, akabeba maharusi wa nusu ya Mji wa Kale, na wengine akawabeba tena walipokwenda kujifungua. Alipoacha teksi hakuacha kuendesha. Asubuhi humpeleka Mama sokoni Marikiti, na siku ya kliniki humpeleka kliniki, Mama nyuma kama abiria, yeye na kofia yake mbele, na hatii ufunguo kabla hajasoma Fatiha. Magoti yake yamekufa; kufika barabara kubwa kwa miguu ni lazima apumzike njiani. Lakini akishika usukani hana goti wala uzee. Akivuliwa usukani amekwisha, na hilo sote nyumbani twalijua.

Sasa sikilizeni. Uchochoro wetu ni mwembamba. Mwenye gari hulibandika ukutani upande wa usukani, ili mikokoteni ipate kupita. Mlango wa dereva haufunguki hata kwa dawa. Kwa hivyo dereva huingia mlango wa kushoto, hukaa, kisha hujisogeza juu ya kiti kimoja kirefu mpaka afike kwenye usukani. Baba amefanya hivyo tangu ujana, akijivuta makalio huku akisalimia watu. Ndiyo sababu aliichagua Pijo ile, yenye kiti kimoja mbele na gia pale pale kwenye usukani. Na Sufyan amezaliwa uchochoro huu huu!

Ijumaa baada ya sala akaileta. Akaibandika ukutani, akaruka katikati kwa ile miguu yake mirefu, akatokea mlango wa kushoto anacheka. Watu wa barazani wakasema mashallah. Na kweli ilikuwa inang'aa, fundi wake Crispus ameshona ngozi vizuri, sitamdhulumu. Baba akavaa kanzu yake safi, akafungua mlango, akakaa.

Kisha akatazama upande wa kulia. Viti vilikuwa viwili, kila kimoja kimedidimia peke yake, na katikati limesimama sanduku refu lenye gia, breki ya mkono na hivyo vishimo vya vikombe. Baba akainua goti kwa mikono miwili, likagota. Akainua tena. Kanzu ikanasa kwenye gia. Wale wa barazani kila mtu akaanza kutazama simu yake.

Wallahi, damu ilinipanda kichwani.

"Wewe Sufyan! Akili umeziacha Kizingo? Baba apite wapi, juu ya paa?"

"Dada, taratibu. Tutakuwa twaliegesha kule Ngome ya Yesu, kuna nafasi."

"Na kufika Ngome utambeba mgongoni? Mjinga mkubwa wee! Mtu mzima hata haya huna!"

Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki. Nilingoja anijibu, maana Sufyan hata matangani hanyamazi. Akainamisha kichwa tu.

"Nasiha, njoo ndani," Mama akaita kutoka mlangoni.

Nikaingia nikihema. Mama, Bi Mwanakuu, alikuwa ameshika leso yake kwa mikono yote miwili. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ni yeye aliyemtuma Sufyan atie sanduku lile. Baba haoni vizuri tena. Juzi nusura amgonge mtoto wa Bi Lamis hapo kwenye kona, Mama yuko nyuma, akapiga kelele, na Baba akamuuliza yuwapigia nani kelele.

"Basi si umwambie!" nikasema.

"Nimwambie vipi? Nimwambie Jaffar huoni? Mimi?"

Kumbe wote wawili walijua. Wakapanga, wakalipeleka gari kwa fundi, wakaniacha mimi nipige mayowe mtaani kama kichaa. Nikatoka na hasira mbili badala ya moja, na sikujua nimuanze nani.

Baba bado amekaa pale pale, kiti cha abiria, mkono juu ya ile ngozi mpya.

"Ameshakwambia?" akaniuliza.

Nikatazama mlangoni, kwa Mama.

"Macho yangu mabovu, Nasiha, lakini si mpumbavu. Wangenambia, Jaffar, weka ufunguo chini. Ningegomba. Ningesusa chakula. Halafu ningeuweka." Akapiga lile sanduku kofi. "Lakini kunizibia njia ndani ya gari langu mwenyewe! Mbele za watu! Kama mbuzi!"

Sufyan akasogea. "Baba, nisamehe, ni kwa ajili ya—"

"Nyamaza."

Akashuka, akashikilia mlango, akanipa ufunguo.

"Wewe hukuwamo katika njama zao. Ingia, uendeshe."

Nikakunja buibui, nikapanda juu ya sanduku lile, nikagonga paja, nikaangukia kwenye usukani nikimlaani Sufyan na Crispus na aliyewaonyesha video. Baba akaketi kando yangu, akasoma Fatiha yake. Sufyan akainama dirishani akauliza twaenda wapi, na Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake cha Marikiti.

Baba akapandisha kioo.

"Twende," akasema, "wao watatembea."