Mashine ya Maskati Sebuleni Kwetu

Mama alipoteleza uani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, alimwomba mdogo wangu jambo moja tu. Alimwambia kwenye simu, mimi nikiwa nimemshikia sikioni: "Mwanangu, njoo nikuone." Mdogo wangu anaishi Maskati, na amekaa huko mpaka watoto wa jirani aliowaacha wakinyonya sasa wanavaa yunifomu. Akamwambia mama asiwe na wasiwasi, kuna kitu kiko njiani. Mama akaelewa alichotaka kuelewa. Siku hiyo hiyo akaanza kuuliza habari za ndege.

Kilichokuja hakikupanda ndege. Kilishushwa mlangoni kutoka kwenye pikapu, ndani ya boksi kubwa, wabebaji wakihema na kutukana kwa sauti ya chini: mashine ya kufulia. Mtu kaomba mtoto, kaletewa mashine. Haya, tushukuru. Mama alisimama kizingitini, mkono wake umefungwa hogo zito jeupe la plasta, akachungulia nyuma ya boksi, halafu ndani ya pikapu. Alipoona hakuna mtu, akasema mashallah, kwa sababu wabebaji walikuwa wanamtazama.

Nisiwe mkosa shukrani. Daktari alikwisha mwonya mama kwamba akikamua nguo kabla mfupa haujaunga, mkono utakakamaa, hata tonge hataweza kulifinyanga. Na mama ni mtu wa kufua. Nguo iliyofuliwa na mtu mwingine kwake ni nguo chafu iliyoloweshwa. Mimi kutwa niko dukani nauza misumari, koki na mabati, nikirudi jioni ndiyo nafua, na yeye amenisimamia akihesabu nimesuuza mara ngapi, isije nguo ya kuswalia ikabaki na najisi kwa uvivu wangu. Kwa hiyo mashine tulikuwa tunaihitaji. Tulichokosa ni mahali pa kuiweka.

Vitufe vyake vyote vimeandikwa Kiarabu, si unajua imenunuliwa kule kule. Mahali pake pa haki ni bafuni, penye bomba na tundu la maji machafu. Lakini bafu letu na choo ni chumba kimoja, na mama alipoziona zile herufi akaenda kusimama mlangoni pa bafu akaziba njia.

"Maandishi haya hayaingii chooni."

"Mama, hayo ni maandishi ya kufulia nguo."

"Najua. Na alifu ni alifu."

Uani je? Uani kuna mvua, kuku na wezi. Basi mashine ikaingia sebuleni, kati ya kabati la vyombo vya kioo na sofa la wageni, ikakaa kama bibi harusi. Nikavuta mpira wa maji safi kutoka bomba la nje ukapita dirishani, na ule wa kutolea maji machafu nikaulaza sakafuni hadi mlangoni. Mama akaifunika kitambaa cha kufuma. Majirani wakaja kuitazama, wakaandaliwa chai na visheti, mmoja akauliza rimoti yake iko wapi.

Jumapili yangu ya mapumziko tukaiwasha. Sasa, mimi na mama wote tumepita chuoni, Kurani tumeihitimu, herufi za Kiarabu hazitupigi chenga. Tukavisoma vitufe vyote, kulia kwenda kushoto, kwa madda zake zote za kuvuta sauti, mama akinirekebisha kila nilipokatisha pumzi pasipo mahali pake. Tulisoma vizuri mno. Angepita shekhe barabarani angedhani kuna hitima. Kujua maana ndiyo hakuna aliyejua hata neno moja. Chuoni tulichapwa kwa kukosea kusoma. Kwa kutoelewa hakuchapwa mtu.

Mama hakutaka kubonyeza. Mkono wa kulia una hogo, na wa kushoto, alisema, haugusi herufi hizo. Nikabonyeza mimi, tena nikachagua neno refu kuliko yote, nikiamini lina kazi nyingi ndani yake.

Sabuni ya unga nilitia kwa kipimo cha mama, yaani mpaka roho itulie. Kwanza likatoka povu. Lilianzia kwenye kidroo cha sabuni, likashuka, likafika kwenye busati la wageni. Maji nayo yakawa yanaingia kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine, hata nguo hayazisalimii. Ikajaza, ikamwaga, ikajaza, ikamwaga, hadi nikadhani imeumbwa kwa kazi hiyo. Mwisho ikaamua kuzunguka kwa kasi, na hapo ndipo tulipoijua. Ilitetemeka, ikanguruma, kisha ikaanza kutembea. Sitii chumvi. Ilitoka mahali pake ikaelekea kwenye kabati la vioo.

"Ishike!" mama akapiga ukelele.

Nikaikalia.

"Ebo! Usikalie maandishi!"

Nikashuka, nikaikumbatia. Hayo ndiyo maendeleo niliyoyaonja: nimekumbatia bati, meno yananigongana, povu limenifika vifundoni, na mama amepanda juu ya sofa anasoma Ayatul Kursiyu. Nilipopata akili ya kuchomoa waya ukutani, vikombe kadhaa vya kabatini vilikuwa vimeshaaga dunia.

Tukaita fundi. Huyu anatengeneza friji, redio, pasi, na kwa maelezo yake mwenyewe, ndege ikitua Tanga imeharibika wamwite tu. Akaitegea sikio mashine. Akaigonga mgongoni kama anayemgonga mtoto aliyepaliwa. Kisha akatoa hukumu.

"Mama, hii imezoea umeme wa Uarabuni. Huu wetu inauona mgeni."

"Sasa dawa yake?" nikamuuliza.

"Dada, ipeni muda. Itazoea."

Akamaliza visheti vilivyobaki, akaaga. Nikamfungulia mlango haraka, maana ningefungua mdomo ningemwambia yote.

Jioni mdogo wangu akapiga simu ya video. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umekula, nimekula, yakapita yote. Nikamweleza mashine inavyotembea.

"Nyie mmeifanyaje?" akasema. "Mbona huku hazifanyi hivyo?"

"Ya kwako wewe unaiweka wapi?"

"Mimi? Mimi dada napeleka dobi."

Nilicheka mpaka mama akanifinya. Lakini yeye mama hakucheka. Alikuwa anaitazama sura ya mwanawe kwenye kioo cha simu, hapepesi macho, na macho yale yakamshinda hata huyo wa Maskati. Akasema haraka haraka, "Basi msiiguse tena. Idi nakuja, nitaifunga mwenyewe."

Subhanallah, mngemwona mama! Kuanzia siku ile mashine mbovu ikawa kipenzi chake. Alikuwa anaipangusa vumbi. Akatafuta mtu wa kupaka chokaa chumba cha mwanawe, akaanika godoro juani, akawaambia majirani wote mpaka wa mtaa wa pili kwamba kijana anakuja Idi, kuna kazi ya ufundi hapa nyumbani inamsubiri. Mimi nilijitia hamnazo. Idi za kuja kwake nilishazisikia nyingi, na kila moja ilikuja na boksi lake: feni, blenda, seti ya sufuria zisizoshika chini. Lakini utamwambia nini mama anayechagua mapazia?

Kilichonitoa kwenye hamnazo yangu ni mkono. Nilirudi kutoka dukani mapema siku moja nikamkuta mama uani, ameweka kanga kwenye karai anaikanyaga kwa miguu. Hilo si baya. Baya ni kwamba alipomaliza kukanyaga aliifunga ncha moja kwenye bomba, akaisokota kwa mkono wa kushoto, na wa kulia, na hogo lake, ukawa unamsaidia. Vidole vilivyochungulia kwenye hogo vilikuwa vimevimba, vinang'aa. Nilihamaki.

"Mama! Unataka kukatwa mkono?"

"Nakamua kidogo tu. Ndugu yako akija ataitengeneza mashine, nitapumzika."

"Na asipokuja?"

Mama akaifungua kanga kutoka kwenye bomba. "Amesema anakuja," akasema. "Wewe iache hivyo hivyo."

Sikuiacha. Ningeiachaje? Ningekaa nasubiri Idi, naangalia vidole vya mama vinageuka biringanya, eti kwa sababu kuna bwana mmoja amesema atakata tiketi? Alipokwenda kumjulia hali mgonjwa jirani, nikavua kile kitambaa cha kufuma, nikafungua kimlango cha mashine, nikalisukuma lile pipa la ndani kwa mkono. Halikucheza hata kidogo, limekaza kama ukuta. Kitu cha kuzunguka kinakazwa hivyo na nani? Nikaigeuza mgongo. Nyuma kulikuwa na boliti nene zimepita kwenye bati na kulibana pipa, bila shaka lisigongane huko baharini. Wale waliolifunga walidhani mwenye kulifungua atakuwepo. Tulikuwa tumeizungusha mashine ikiwa bado imefungwa kama mzigo safarini, na fundi wetu wa ndege aliigonga mgongo palepale zilipo boliti hizo.

Nikazitoa kwa spana. Mpira wa maji machafu nikauinua, nikaufunga dirishani juu zaidi ya pipa, maji yasipate njia ya kukimbia kabla ya kazi. Nikakanyaga sakafu pembe zote, nikazungusha vimiguu vya chini hadi mashine ikatulia haiyumbi. Sabuni nikatia kijiko cha chakula, nikatia cha pili, nikajizuia. Nikabonyeza neno fupi safari hii.

Ilifua. Ilinguruma kwa adabu, kama mtu anayejisomea peke yake. Mama alirudi akaikuta inazunguka, busati kavu, vikombe vimetulia kabatini. Hakuvua hata viatu. Alisimama akaitazama hadi ilipozima, akaingiza mkono wa kushoto, akatoa kanga yake, akainusa, akaibana kuona kama bado inatoa povu.

"Imesuuza mara tatu?"

"Imesuuza, mama. Nimehesabu."

"Umejitahidi," akasema. Akaikung'uta kanga.

Mimi, kwa furaha yangu ya kipuuzi, nilikuwa nimeshairekodi video ile mashine ikizunguka na kuituma Maskati, niwaoneshe wanaume wa ukoo huu kazi inavyofanywa. Jibu lilikuja kwa sauti. Nikalifungulia hapo hapo, mama akiwa bado ameshika kanga.

"Mashallah dada, wewe ni mwanamume! Alhamdulillahi, umenipunguzia mzigo. Maana huku nilikuwa nabembeleza ruhusa, bosi hataki kuelewa. Sasa kama imepona, naona nisijisumbue, nitakuja Idi nyingine. Msalimie mama."

Nilitaka kuirudisha ile sauti ndani ya simu. Mama akasema waalaikumu salamu, ingawa hakuna aliyemsikia zaidi yangu. Akaenda kuanika. Nilimfuata nimsaidie vibanio, akaniambia nimwache, kuanika daktari hajamkataza. Niliumia, sifichi. Nilimwokoa mkono wake, na mtoto wake nikamfungia mlango mimi mwenyewe kwa spana.

Mkono uliunga vizuri. Hogo lilipofunguliwa daktari aliusifu, mama akafinyanga tonge la ugali mbele yangu kunionesha. Nguo zinafuliwa, majirani wameacha kuja kuitazama mashine. Na Idi ilipokaribia, nikarudi kutoka dukani nikakuta pikapu mlangoni. Mnalijua hilo. Boksi, wabebaji, kuhema. Safari hii ni mashine ya kuoshea vyombo, kwa nyumba ya watu wawili wenye sahani zisizojaza hata beseni.

Mama hakuchungulia ndani ya pikapu. Aliwaonesha mahali pa kuiweka, pembeni ya ukuta, akawapa maji ya kunywa. Mimi nikachukua kisu nikate gundi ya boksi.

"Acha," akasema.

"Niiangalie tu, mama, nione inaunganishwaje."

"Nimesema acha. Hii usiitie mkono."

Usiku ule simu ya video ikaita. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umekula, nimekula. Akauliza mzigo umefika, mama akasema umefika, Mungu akuzidishie. Akauliza tumeshaufungua.

"Hatujui kuufungua, mwanangu," mama akasema. "Hii ngumu. Inakutaka wewe."

"Si dada yupo? Dada anaweza hata kuunda meli."

Mama akanigeuzia simu. Kwa mkono wake wa kulia, uliopona, akanifinya paja. Nikamwambia mdogo wangu ni kweli, nimejaribu nimeshindwa, hapa hatujui.