Pua ya Mshona Magunia

Nasikia umepata kazi ya kupima hewa viwandani, mwanangu. Nimefurahi kuliko unavyodhani, maana wewe na mimi tunaugua ugonjwa mmoja, wa kutaka kujua kila kitu. Kabla hujaondoka, kaa kidogo nikusimulie siku moja ya miaka ya sabini, nilipotumwa kwenye shamba la ngano karibu na Karatu. Nilikuwa kijana, mgeni katika kazi hiyo hiyo ya kupima hewa.

Ghala lilikuwa limefukizwa kwa vile vidonge vya kuua wadudu vinavyotoa gesi, na siku hiyo wafanyakazi walitakiwa kurudi ndani. Nilibeba sanduku dogo lenye pampu ya mkono na vijiti vya kioo vilivyojazwa unga mweupe. Unavunja kijiti ncha zote mbili, unakichomeka kwenye pampu kwa kufuata mshale, kisha unaiminya mara kumi, kila mara ukiiacha ijae yenyewe. Kama gesi ipo, unga mweupe wa ndani unageuka kahawia. Lo, nilivyokipenda kile kioo! Hewa huioni, lakini jibu lake unalishika mkononi. Nilikuwa naringa nacho kama bwana harusi.

Nikasimama mlangoni, nikaminya mara kumi. Unga ukabaki mweupe. Nikamwambia msimamizi, "Salama. Waingie."

Wanawake washona magunia wakajikusanya. Mkubwa wao, mama wa Singida tuliyemwita Mama Mariamu, hakusogea. Nyuma yake alisimama mkwe wake, mja mzito wa miezi saba, ameshika gunia la kukalia.

"Baba, hicho kidude umekipimia wapi?"

"Hapa mlangoni, mama."

"Umesimama wima, upepo unakupiga. Sisi tunakaa kule kwenye kona, chini, nyuma ya magunia, kutwa nzima. Umepima pua yako, baba. Ya huyu binti hujaipima."

Wenzake wakacheka. Msimamizi akanihimiza nisipoteze muda. Nilikasirika, sikufichi, lakini hamu ya kujua ikanizidi nguvu. Nikachomeka kijiti kipya kwenye ncha ya mpira mrefu uliounganishwa na pampu, nikaufunga mpira kwenye ufito. Mama Mariamu akanionyesha dirisha lililo karibu na kona yao. Nikiwa nje, nikalifungua kidogo, nikaushusha ufito hadi karibu na sakafu, nikaminya mara kumi, kisha nikauvuta.

Unga wote ulikuwa kahawia.

Nilimtazama yule binti na tumbo lake, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikapaza sauti: "Nimekosea. Asiingie mtu!" Msimamizi alinuna, lakini madirisha yote yakafunguliwa, na hakuna aliyeingia mpaka kijiti cha kwenye kona kilipotoka cheupe, siku mbili baadaye.

Basi, mwanangu, ukifika kazini usikimbilie kufungua sanduku. Uliza kwanza ni nani anafanya kazi pale, anakaa wapi, anainama kwa muda gani. Kipimo kipeleke pale anapovutia pumzi. Akikuuliza mtu asiyejua hata jina la gesi, mjibu kwa kwenda kupima. Na ukikosea, kiri kabla mtu hajavuka mlango, hata kama wanakucheka.

Mungu akutunzie kifua chako, na kila utakayemwambia "ingia", atoke jioni akiwa mzima.