Nilimwacha Dada Yangu Amekaa

Jamani, nimekosa, tena nimekosa mbele za watu, kipaza sauti mkononi!

"Huyu akasome Marekani? Hata kubeba maboksi viwandani Mobeni hamalizi wiki!" Ndivyo walivyonicheka Watanzania wenzangu hapa Durban. Nikaenda. Nikarudi na diploma, mimi huyu huyu! Waliocheka ndio walionifanyia sherehe mwaka jana, tisini na nane, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Point.

Nikapewa nafasi ya kuzungumza. Nikawasimulia maisha ya meya mmoja wa huko Marekani, mtu wa karne iliyopita, niliyemsoma chuoni. Alianza kwa kuchuna ngozi, akafungua duka, duka likafa, akabaki na madeni na koti moja. Baadaye mji mzima ukamchagua. "Na hakushikwa mkono na mtu!" nikapaza sauti. Makofi!

Uongo mtupu. Mwisho wa habari yake niliuruka makusudi.

Mshereheshaji, Mkongo mcheshi, akadakia: "Meya yetu, iko mutu wa famille hapa? Asimame tumuone!"

Mnajua desturi yetu. Mwenye sherehe husimamisha watu wake.

Dada Zaina alikuwa mstari wa mbele. Alisuka nywele za watu mpaka vidole vikapinda, ili mimi nisome. Alikuja moja kwa moja kutoka saluni, mafuta ya nywele yamemrukia kwenye khanga. Alishaanza kuinuka. Na mimi pembeni yangu wamekaa wasomi wa chuo kikuu cha Westville, na suti zao. Nikaona haya. Haya gani zile, Mungu wangu!

"Sina mtu," nikasema. "Nimejijenga mwenyewe."

Akakaa tena, polepole.

Kesho yake nikampelekea bahasha. Hakuigusa.

"Ya nini? Si huna mtu?" Kisha, kwa sauti ndogo: "Mimi sikukukopesha, mdogo wangu. Nilikulea."

Tangu siku hiyo nikimwambia shikamoo, ananijibu, "Marahaba, Bwana Meya." Hivyo tu, kama anamjibu mteja. Jina langu alilonibembelezea utotoni halitaji tena!

Wewe unayesoma, siku ukipewa kipaza sauti, tazama kwanza nani amekaa mbele yako. Wala usiruke mwisho kama nilivyouruka mimi. Siku meya yule alipomaliza deni lake la mwisho, aliwaita wote waliomkopesha, akawasimamisha kwa majina mbele ya mji mzima. Wa kwanza kusimama alikuwa dada yake, aliyekuwa akifua nguo za watu.